Maji ya Moto kwa Eusebia

Mama Winifrida alivuka mawe, na hivyo ndivyo Longino Kihwele alivyojua kwamba dada yake amekufa.

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akitazama ukungu ukiteremka kwenye nyavu za kunasia maji kule kilimani. Mawe yalipangwa mbele ya nyumba, mstari mmoja uliozunguka ua wote. Pale Nyavuni kila nyumba yenye mtu wa punje ilikuwa na mstari kama huo. Jirani akileta unga, aliuweka juu ya jiwe, akaita, akarudi nyuma. Mama Winifrida alikuwa amefanya hivyo miaka mingi bila kukosea na bila kukosa adabu. Asubuhi hiyo alikuja na bakuli la maharage, akafika kwenye mawe, akatazama bangili yake, akautikisa mkono kama mtu mwenye saa iliyosimama. Kisha akavuka. Akaja mpaka barazani.

"Kamwene, kaka Longino," alisema. "Kumbe Eusebia kasafiri? Mbona hamkutuambia?"

Longino alitazama bangili yake mwenyewe. Ilikuwa imetulia. Hakujua imetulia tangu saa ngapi, maana mikono yake ilikufa ganzi zamani. Ukiishi nyumba moja na mtu wa punje, bangili yako hutetemeka usiku na mchana, ukila, ukilala, ukisali. Mkono wa kulia ulipoacha kuhisi chochote, aliihamishia kushoto, na wa kushoto nao ukaacha. Ganzi ilikuwa imepanda mpaka viwiko. Alipoamka siku ile alihisi kuna kitu kimepungua masikioni mwake, akadhani pampu ya maji imezimwa.

"Hajasafiri," alisema.

Aliweka kikombe chini akaingia chumbani. Eusebia alikuwa amelala kiubavu, amejikunja, blanketi amelivuta mpaka masikioni, kama alivyolala siku zote, maana hakuna kitu alichokichukia kama baridi. Longino hakumgusa kwa mikono, isingemwambia kitu. Aliinama akamwekea shavu kwenye paji la uso. Paji lilikuwa baridi kama ukuta.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alingoja kitu kimpande kifuani, kilio au hasira. Hakikupanda. Aliwaza tu kwamba chai inapoa. Nje, Mama Winifrida alikuwa ameshaelewa. Alianza kulia kwa sauti, kilio kizuri cha jirani, kikapokelewa nyumba ya pili na ya tatu, kikashuka bondeni.

*

Jua lilipoufukuza ukungu, ua ulikuwa umejaa. Longino hakuwahi kuuona umejaa. Vijana wa nyavu walikuja na sululu, wakaonyeshwa mahali nyuma ya mparachichi, wakaanza kuchimba kwa zamu. Wanawake wa jumuiya walileta mikeka, kuni na masufuria. Mafiga hayakuwepo, kwa hiyo waling'oa mawe ya mstari, ambayo yalikuwa makubwa na yametulia vizuri, wakayapanga matatu matatu na kuwasha moto. Mawe ni mawe.

Ila kila aliyeingia alifanya jambo lilelile. Alisimama pale mawe yalipokuwa, akatazama mkono, akangoja kidogo, ndipo akapita. Wenye aibu walijifanya wanakunja mkono wa shati.

Punje yenyewe ni kitu kidogo, kama mbegu ya ulezi. Miaka ya Homa Kavu, kila aliyepona alichomwa moja nyuma ya sikio, na wote wengine wakapewa bangili za kuwaambia nani anawakaribia. Punje haina betri. Inakula joto la mwili wa mtu, na maadamu mwili una joto, inaita. Ilikuwa imeota nyuzi ndani ya mfupa kama mzizi wa mwanzi, na waliojaribu kuing'oa kwa wembe walizikwa nayo. Inanyamaza tu mwenye nayo anapopoa.

Redio ilitangaza zamani kwamba homa imekwisha, kwamba waliopona hawamwambukizi mtu yeyote, na kwamba bangili si lazima tena. Wiki ile bangili ziliisha madukani. Watu walinunua za akiba. Baadaye zikaja za watoto zenye picha za twiga, na za dhahabu kwa maharusi. Mtu hamfukuzi mbwa wa ulinzi eti kwa sababu ametangaziwa kwamba mwizi amekufa. Na asiye na bangili aliulizwa anaficha nini. Kwa hiyo Longino aliivaa yake, maana bila hiyo asingepewa kazi kwenye nyavu, na bila nyavu wasingekula.

Sasa alikaa kwenye kigoda akipokea mikono ya watu. Walimshika vizuri, kwa mikono miwili. Hakuihisi. Walimsifu marehemu. Mzee mmoja alisema Eusebia alikuwa mtu wa watu, na Longino akajiuliza ni watu gani, ila hakuuliza kwa sauti. Hakuwa na uchungu nao. Alishangaa kidogo tu kuona kwamba ua wake unatosha watu wengi namna hii.

*

Mama Winifrida ndiye aliyekuja kumwita pembeni. Alikuwa mama wa jumuiya, mwanamke mnene, msafi, asiyesahau mgonjwa yeyote kijijini. Alisema wanawake wako tayari kumwosha marehemu. Walichohitaji ni sabuni, shuka nyeupe na ndoo mbili za maji ya bombani.

Longino alimwambia maji yatachemshwa.

Mama Winifrida alimsogelea. Alitazama kuelekea jikoni, akatazama watu, akashusha sauti. Akaeleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kaka Longino anajua mwenyewe punje inakula nini. Maji ya moto yakimpita shingoni itaamka. Si kwamba kuna hatari, hilo kila mtu analijua. Ila bangili hazijui tangazo la redio. Zitaanza kutetemeka mikononi mwa watu wote hawa, kuna wazee humu, kuna wajawazito, na mtu akishtuka hashauriani na akili. Wataondoka. Na hao vijana wataliacha kaburi kiunoni. Maji ya baridi yangemaliza yote kwa amani.

"Naomba unielewe, kaka," alisema. "Mimi namtafutia watu wa kumzika."

Longino alimwelewa, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Eusebia hakuwa mtu wa kuomba vitu, ila kuhusu kifo chake aliomba viwili. Alitaka watu. Na alitaka maji ya moto.

Cha pili kilikuwa na historia yake. Wakati ule bado alikuwa akienda kanisani. Watu wa punje walifundishana kujipoza: unafunga kifuko cha barafu nyuma ya sikio, unakifunika kwa kilemba, na punje inalala kwa muda wa misa moja kama padri hana maneno mengi. Eusebia alifanya hivyo kila Jumapili, katika baridi ya Nyavuni, miaka na miaka. Alirudi nyumbani meno yanagongana, shingo imekakamaa, midomo rangi ya majivu, na amefurahi. Jumapili moja mahubiri yalirefuka. Barafu iliyeyuka, maji yakamtiririka mgongoni, na akiwa kwenye mstari wa komunyo bangili zikaanza kulia, za mbele yake na za nyuma yake. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu. Walimpisha vizuri mpaka akabaki peke yake katikati ya kanisa, kisha akageuka akatoka, akisema samahani kwa kila benchi. Mama Winifrida alikuwa benchi la tatu.

Tangu siku ile hakuenda tena. Alimwambia Longino: nikifa, usikubali wanioshe kwa maji ya baridi. Nimekaa kwenye baridi vya kutosha ili watu wanivumilie. Nikishakufa na wao wavumilie kidogo.

Alilisema akimenya viazi, bila hasira.

Longino alimwambia Mama Winifrida kwamba atafikiri. Akarudi kwenye kigoda. Lakini kufikiri kwenyewe hakukuja. Kila alipojaribu, kichwa kilimpa vitu vidogo: kwamba kuni ni mbichi, kwamba mtu mmoja amekalia ndoo. Akitaka maji ya moto, anampa dada yake ua mtupu. Akitaka watu, anampeleka kaburini na baridi ileile. Mwanamume hamwoshi dada yake, kwa hiyo asingeweza hata kujifungia naye na kumaliza mwenyewe. Na jambo moja lilimsumbua chini ya mengine yote: alikuwa anaupenda ua ule uliojaa. Alitaka ubaki hivyo.

*

Kandida Komba alifika bila kusimama pale kwenye mstari. Hakuwa na cha kutazama mkononi. Bangili yake aliipitisha kwenye msumeno wa kiwandani zamani, akasema inamchelewesha kazi, na tangu hapo nusu ya kijiji walimsogelea kwa tahadhari. Alikuwa mwanamke wa Kingoni, mpasua mbao, mabega kama mlango. Kila Jumamosi alikuja akakaa ndani ya mawe na Eusebia, na walichokifanya tangu asubuhi mpaka jioni ni kutukanana. Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu walipochoka kupigana.

Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kila kitu, na Kandida alianza tangu mlangoni. Aliuliza kwa sauti kama hapa ndipo alipofia yule Mhehe mvivu. Akasema amemfungia mbwa wake nyumbani, maana anaijua misiba ya Wahehe inavyokosa kitoweo. Watu wakacheka. Akasema babu yake alimkimbiza babu wa Eusebia mpaka pangoni, na sasa mjukuu naye amekimbilia shimoni, ukoo mzima hodari kwa kujificha. Wakacheka zaidi. Hata Longino alisikia kinywa chake kinasogea.

Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti kuukuu la Eusebia na kofia yake ya sufi. Mtani humwiga marehemu, ni desturi, na watu wakasogea kutazama. Kandida akayapandisha yale mabega makubwa mpaka masikioni, akaukunja mgongo, akaanza kutembea katikati ya ua kwa hatua fupi.

"Samahani jamani," alisema, kwa sauti ndogo ya Eusebia hasa. "Napita. Samahani. Napita tu."

Na watu wakampisha. Walifanya hivyo kabla hawajawaza. Mikeka ikavutwa, mama mmoja akambeba mwanawe, na njia pana ikafunguka kutoka mlangoni mpaka mahali mawe yalipokuwa, huku bangili zote zimetulia kimya. Kandida alitembea mpaka mwisho wa njia ile, akageuka, akaitazama. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walianza kuivuta mikeka kurudi, wakitazama chini.

Alikuja akachuchumaa mbele ya Longino, koti limembana mikononi.

"Bado hajaoshwa?"

Longino alimweleza, kwa maneno machache. Kandida alisikiliza, akakuna kichwa chini ya ile kofia.

"Kuosha nitaosha mimi," alisema. "Wakikataa wote, nitaosha. Lakini maji sichemshi. Mtani hatoi amri kwenye msiba, mtani anatukana tu. Mwenye msiba ni wewe, Mhehe. Sema."

Longino alitazama ua. Wanawake wawili walikuwa wakichagua mchele na kunong'ona. Kule nyuma sululu ziligonga udongo kwa mpigo mzuri. Alijaribu kumsikia dada yake kichwani, hakumsikia. Alichokumbuka ni ile njia iliyofunguka sasa hivi, mbele ya macho yake, wakati hakuna chochote kilichotetemeka.

Alisimama, akachukua sufuria kubwa, akalijaza bombani. Alilitua juu ya mafiga matatu yaliyokuwa wazi, akasukuma kuni. Mama Winifrida alimwona. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa mvua.

*

Kandida alipoanza kuosha, zilianza bangili za waliokaa karibu na dirisha la chumba. Sauti ya bangili moja ni ndogo, kama nyuki ndani ya kopo. Zikiwa nyingi ni kama mvua inayokuja juu ya mabati. Mzee aliyesema Eusebia ni mtu wa watu alishika mkono wake, akatafuta fimbo yake. Hawakukimbia. Walisimama, wakaokota watoto wao na viatu vyao, wakaomba radhi wenyewe kwa wenyewe, wakarudi nyuma mpaka zikatulia. Sululu zilinyamaza.

Longino alipotoka jikoni aliwakuta wamesimama wote katika mstari mmoja, kuuzunguka ua. Palikuwa hapana jiwe hata moja pale. Mawe yalikuwa chini ya masufuria ya wali. Ila wasingeweza kujipanga sawa zaidi hata kama yangekuwepo.

Aliwatazama. Alidhani sasa kitakuja, kile alichokuwa akikingojea tangu asubuhi. Hakikuja. Walikuwa majirani zake, wamesimama.

Kandida akaita kutoka chumbani, sauti yake ya kazi, si ya utani. Alisema ndoo ya kwanza ilikuwa ya kunyonyolea kuku, amelazimika kuiacha ipoe, na je, Longino hana mikono? Alete ya pili, na safari hii aipime. Tena alete mwanamke mmoja mwenye viungo vizima, kwa sababu mtu hageuzwi na mtu mmoja.

Longino alijaza ndoo. Alitumbukiza mkono, akauacha humo. Maji yalipanda mpaka juu ya bangili. Aliona ngozi ikibadilika rangi na kuwa nyekundu, na hakujua ni maji ya kumwogeshea mtoto au ya kumbabua mtu. Akautoa.

Aliibeba ndoo akavuka ua mtupu. Alipokaribia, mstari ulisita, kisha ukakumbuka kwamba yeye hana punje, ukabaki mahali pake. Aliitua mbele ya Mama Winifrida, ambaye alisimama hatua moja nje, mikono ameifungia ndani ya kanga.

"Niangalizie maji haya," alimwambia. "Mimi mikono yangu haihisi. Sitaki kumuunguza."

Mama Winifrida aliitazama ndoo. Mvuke ulimpanda usoni. Watu wa kushoto na kulia kwake walitazama mbali, kila mmoja upande wake. Alikuwa mwanamke aliyewapimia wagonjwa wengi maji, na watoto sita wa kwake. Alitoa mkono mmoja ndani ya kanga, akaupeleka mbele, na ulipovuka mstari na kufika juu ya ndoo bangili ilianza kutetemeka. Mkono ulisimama hewani. Longino alidhani ataurudisha.

Aliutia majini.

"Yamezidi," alisema. "Yanataka baridi kidogo. Kidogo tu."

"Sijaleta."

Bomba lilikuwa kule ndani ya mstari, ukutani mwa jiko, karibu na dirisha la chumba. Mama Winifrida alilitazama. Machozi yalimtoka, ila hayakuwa kama yale ya asubuhi, hayakuwa na sauti, wala hakuna aliyeyapokea. Alisema kwa hasira kidogo kwamba wanaume wote ni hivyo hivyo, mtu anachemsha maji halafu hajui kuyapoza. Akainama, akaishika ndoo kwa ule mkono wenye bangili, akainyanyua.

Nyuma yake hakuna mwingine aliyesogea.

Longino alitembea pembeni yake. Bangili ilikuwa imelala juu ya mshikio wa ndoo, chuma juu ya chuma, na ilitetemeka kwa nguvu zaidi kila walipolikaribia dirisha, ikigonga, ikigonga. Ilisikika ua mzima. Aliinua mkono wake mwenyewe akautazama, ukitetemeshwa na bangili kimya kimya, mwekundu mpaka pale maji yalipofika. Haukumuuma.

"Lete sabuni," Mama Winifrida alisema, na kuingia ndani.